Premio Yangu Inakwenda Malawi: Je, Itaiweza Petroli Yenye Ethanoli?

Fundi, salamu nyingi kutoka Donholm.

Gari langu ni Toyota Premio ya mwaka 2004, nililonunua 2011 likiwa ndio kwanza limetoka Japani. Limewapeleka watoto wangu watatu shule hadi wakamaliza, limembeba marehemu mama kwenda kliniki kila mwezi, na halijawahi kunilaza njiani hata siku moja. Nakueleza haya ili ujue kwamba kwangu si bati tu.

Mwezi wa Desemba kifungua mimba wangu anaolewa Lilongwe. Nauli ya ndege ya watu wanne nimeipiga hesabu mara tatu na imenishinda, kwa hiyo tumeamua kwenda kwa barabara: Namanga, Arusha, Dodoma, Iringa, Mbeya, tuvuke mpaka pale Songwe, halafu Karonga na Mzuzu mpaka Lilongwe. Mdogo wangu wa kiume atanipokea usukani nikichoka. Kila kitu kilikuwa kimepangwa hadi wiki mbili zilizopita, binti yangu aliponiambia kwenye simu, "Mama, petroli ya huku huchanganywa na ethanoli. Ulizia kwanza kama gari letu linaikubali."

Nikaulizia, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Fundi anayenitengenezea gari alisema, "Mama, hii ni D4. Ukiitia spiriti, itazima kabla hujaona Mzuzu." Mdogo wangu akacheka, akasema gari lolote lisilo na kabureta hunywa ethanoli bila shida, na kwamba nianze kulizoesha mapema kwa kutia nusu lita ya ile ethanoli ya jiko kila nikijaza mafuta. Mwenzangu kazini naye alisoma mahali kwamba nambari ya chasisi ina tarakimu na herufi 17, na ya nane ndiyo hutoa jibu. Tena kifuniko cha tangi kikiwa cha manjano, gari hilo linakubali ethanoli.

Nimekwenda kutazama. Kifuniko changu ni cheusi. Nambari ya chasisi kwenye logbuku ni fupi, inaanza na ZZT240, kisha kistari, kisha tarakimu saba. Ndani ya kimlango cha mafuta kuna karatasi ya maandishi ya Kijapani nisiyoweza kuisoma. Nikafungua boneti: plastiki iliyo juu ya injini imeandikwa VVT-i, na D4 sijaiona popote.

Nitajuaje, Fundi? Sitaki kukwama Karonga nikiwa na keki ya harusi kwenye buti. Kama gari haliwezi, niambie sasa nikakope chamani nilipie ndege.

Mama Watatu, Donholm

JIBU

Mama Watatu, hongera kwa kumwoza binti. Usikope chamani kwa sababu ya ethanoli. Kwa hayo uliyoniandikia, gari lako halina injini ya D4, na petroli yenye ethanoli ya asilimia 10 litaichoma na kufika. Kuna mambo machache ya kuhakikisha kabla ya Desemba, na kuna kikomo ambacho nisingependa ukivuke.

Nianze na hofu ya fundi wako, kwa maana si ya bure. Premio ya umbo lako ilitoka kiwandani ikiwa na injini tatu tofauti, na kwa nje zote ni pacha. Chasisi ikianza na NZT240, ndani mna 1NZ-FE ya cc 1500. Ikianza na ZZT240 kama yako, mna 1ZZ-FE ya cc 1800. Ikianza na AZT240, mna 1AZ-FSE ya cc 2000, na hiyo ya tatu peke yake ndiyo D4. Ile herufi S katikati ya FSE ina maana kwamba petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Fundi aliyewahi kusumbuliwa na D4 moja huziona D4 kila mahali. Mimi pia nimewahi kupokea Wish na Noah zilizodaiwa kuwa D4 kumbe sizo, na zilizodaiwa kuwa sizo kumbe ndizo.

Tofauti yao kwa habari ya ethanoli ni kubwa. Katika injini yako, pampu iliyo ndani ya tangi husukuma petroli kwa shinikizo la takriban bar tatu hadi kwenye nozeli zilizo nje ya silinda. Katika D4 kuna pampu ya pili, ya chuma, iliyofungwa juu ya kichwa cha injini, inayopandisha shinikizo hilo hadi zaidi ya bar 80. Pampu hiyo ina sehemu zilizochongwa kwa usahihi wa hali ya juu na mipira midogo ya kuziba, na haivumilii kutu wala unyevu. Toyota ya Ulaya ilipotoa orodha ya magari yanayoruhusiwa kutumia petroli ya asilimia 10 ya ethanoli, ilisema injini zake za petroli zilizouzwa huko tangu Januari 1998 zote ni sawa, isipokuwa Avensis za 1AZ-FSE na ndugu yake mkubwa 2AZ-FSE, zilizotengenezwa hadi Oktoba 2008. Hiyo 1AZ-FSE ndiyo iliyo ndani ya Premio ya AZT240. Kwa hiyo fundi wako angekuwa anazungumzia gari la jirani, ningemuunga mkono.

Injini yako ya 1ZZ-FE nayo iliuzwa Ulaya ndani ya Avensis za cc 1800, na imo upande wa zilizoruhusiwa.

Lakini logbuku inaeleza gari lilivyoingia nchini, na hapa Nairobi injini hubadilishwa kama betri. Wewe umekuwa nalo tangu 2011 na ungejua, ila nakuomba uthibitishe kwa macho yako. Asubuhi injini ikiwa baridi, fungua boneti, tafuta kibati cha utambulisho kwenye ukuta wa chuma unaotenga injini na kabini. Kipanguse vumbi kwa kitambaa. Utaona ZZT240, kisha aina ya injini. Halafu mwambie fundi akumulikie tochi kwenye chuma chenyewe cha injini, palipochongwa nambari. Inapaswa kuanza na 1ZZ na kulingana na ile iliyo kwenye logbuku. Ukiwa hapo, tazama juu ya kichwa cha injini: usipoona pampu ya chuma yenye bomba gumu la chuma linalotoka kwake kuelekea kwenye nozeli, na plastiki isiposema D-4, hiyo habari imekwisha.

Mwenzako wa kazini hakukudanganya, ila alikusomea habari za nchi nyingine. Tarakimu ya nane kati ya 17 hutambulisha injini kwa magari ya Marekani, na kifuniko cha manjano huko ni alama ya magari yaliyoundwa maalumu kunywa E85, yaani mafuta ambayo ethanoli yake inaweza kufika asilimia 83. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halina nambari ya 17. Lina kifupisho cha modeli, kistari na nambari ya mfululizo, kama ulivyoona. Na kifuniko cheusi hakimaanishi kwamba asilimia 10 imekatazwa. E85 na E10, yaani petroli yenye hiyo asilimia 10, ni vitu viwili visivyokaribiana.

Hiyo karatasi ya Kijapani ndani ya kimlango, piga picha kwa simu uitafsiri. Nina karibu hakika inasema tu petroli ya kawaida isiyo na risasi. Mwaka 2003 Japani iliweka sheria kwamba petroli ya kuuzwa kwa magari ya kawaida isizidi asilimia 3 ya ethanoli, na ni mwaka 2012 tu ilipoweka utaratibu wa magari ya asilimia 10. Magari ya Japani ya baada ya hapo yaliyoidhinishwa huwa na alama ya E10 kwenye kimlango hicho. Lako la 2004 haliwezi kuwa nayo. Kwa hiyo, kisheria, gari lako lilizaliwa kwa asilimia 3, na injini iliyomo inakubaliwa Ulaya kwa asilimia 10. Mimi nasimama kwenye asilimia 10 kwa safari ya kwenda na kurudi. Kwa asilimia 20 nakataa.

Nieleze kwa nini. Kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue vizuri; kilo ya ethanoli huhitaji 9 tu. Ukichanganya ethanoli bila kuongeza kiasi cha mafuta, injini inakuwa na hewa nyingi kuliko mafuta. Gari lako lina sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inayonusa hali hiyo na kuambia kompyuta iache nozeli wazi kwa muda mrefu kidogo. Kwa asilimia 10 marekebisho ni madogo na hutayasikia. Kwa asilimia 20, sensa ya miaka ishirini inaweza kuchoka, taa ya njano ya injini ikawaka kwenye dashibodi, na mashine ya fundi ikasoma P0171, maana yake mafuta ni haba. Mdogo wako yuko sahihi kuhusu kabureta kwa hilo tu: kabureta haina sensa, haiwezi kujirekebisha.

Jambo ambalo hakulifikiria ni mipira. Ethanoli hulainisha na kupasua aina fulani za mpira wa zamani, na huyeyusha uchafu ulioganda ndani ya tangi kwa miaka mingi kisha kuupeleka kwenye filta. Wasomaji wa rika langu wanaikumbuka gasoholi ya miaka ya 1980, ethanoli ya molasi ya Muhoroni iliyochanganywa na petroli kwa asilimia 10. Nilikuwa kijana wa kushika spana wakati huo. Magari yaliyotuletea kazi hayakuwa na injini mbovu. Yalikuwa na filta zilizojaa tope la kahawia na vipande vya mpira vilivyolainika kama ndizi iliyoiva sana. Tukibadilisha mipira na filta, gari linaendelea na kazi.

Kwa hiyo kabla ya safari, fundi ashushe pampu ya ndani ya tangi abadilishe filta yake. Kisha afuate bomba la mafuta kutoka nyuma hadi mbele kwa mkono, si kwa macho. Paipu za kiwandani sizihofii sana. Ninazohofia ni zile alizoweka mtu mwaka fulani haraka haraka, akakata kipande cha paipu ya maji au ya plastiki nyeupe na kukibana kwa klipu. Kikunje kwa vidole. Kikiwa na nyufa kama za kisigino wakati wa kiangazi, au kikinata, au kikitoa harufu ya petroli nje, kiondoke. Paipu mpya iwe imeandikwa mwilini SAE J30 R9. Maandishi hayo yapo kwenye mpira wenyewe, na duka likikosa paipu yenye maandishi, nenda duka jingine. Mpira wa kifuniko cha tangi pia utazamwe, maana Desemba ni msimu wa mvua Malawi na ethanoli hunyonya maji. Maji yakizidi ndani ya tangi, ethanoli huachana na petroli na kuzama chini pamoja nayo, pale pale pampu inapovuta.

Sasa njiani. Malawi imekuwa ikichanganya ethanoli ya miwa tangu 1982. Mkipita barabara ya ziwani mtayaona mashamba ya Dwangwa. Kiwango hutegemea ethanoli iliyopo, kwa hiyo mwulize mwenye kituo. Akikuambia asilimia 10 au chini, jaza bila wasiwasi. Akisema 20, au asipojua, tumia hesabu. Jaza tangi lote upande wa Tanzania kabla ya mpaka. Ukivuka, usisubiri geji ishuke hadi mwisho. Ikifika nusu, ongeza. Nusu ya petroli tupu na nusu ya asilimia 20 hukupa asilimia 10 ndani ya tangi. Ikifika nusu mara ya pili ukaongeza tena ya asilimia 20, utakuwa umefika 15, na hapo ningependa umwombe mkwe akutafutie kituo chenye mchanganyiko mdogo. Usibebe petroli kwenye jerikeni ndani ya buti. Joto la Karonga na watu wanne ndani ya gari ni hatari kuliko ethanoli yoyote.

Kama unataka kujipimia, na mimi ningependa ujipimie, nunua silinda ya kioo ya maabara yenye alama hadi mililita 100. Tia maji hadi alama ya 10, tone moja la rangi ya chakula ili uyaone, kisha petroli hadi 100. Fanya hivyo nje, mbali na jiko, sigara na kitu chochote cha cheche. Ziba mdomo, tikisa taratibu, weka mahali tambarare usubiri dakika kumi. Petroli itaelea, maji ya rangi yatabaki chini. Maji yakisimama kwenye 10 ile ile, hakuna ethanoli. Yakipanda hadi karibu na 19, petroli yako ina takriban asilimia 10, kwa sababu ethanoli iliyokuwa ndani yake imeihama na kuyafuata maji. Yakikaribia 28, unaangalia asilimia 20. Jaribu kwanza na petroli ya hapa Donholm ili jicho lizoee, na petroli uliyopimia usiirudishe kwenye tangi.

Na hiyo ethanoli ya jiko, tafadhali, isikaribie gari. Gari halizoeshwi ethanoli kama mtoto anavyozoeshwa uji. Ethanoli ya mafuta ya gari lazima ikaushwe hadi zaidi ya asilimia 99, kwa kuwa utoneshaji wa kawaida hukwama kwenye takriban 95.6 na kilichobaki ni maji. Ya jikoni haikutengenezwa kwa tangi. Imewekewa vitu vya kuizuia isinywewe, na hakuna aliyepima maji yake kwa ajili ya nozeli zako. Mwambie mdogo wako kwamba nguvu alizotaka kuweka hapo aziweke kwenye kuzikagua paipu.

Matumizi ya mafuta yataongezeka kidogo, kwa sababu lita ya ethanoli ina nguvu kama thuluthi mbili tu ya lita ya petroli. Kwa asilimia 10 tegemea kama asilimia 3 zaidi. Kwenye bajeti ya harusi hiyo ni senti.

Kwa wengine mlionipigia kuhusu magari yenu: yaliyotoka Uingereza kuanzia 2011 yanakubali E10, nchi hiyo ikiwa imeifanya petroli yake ya kawaida tangu Septemba 2021, na mengi ya karibuni ya Ulaya yana duara lenye E5 na E10 kwenye kimlango. Wenye Mitsubishi za GDI na Volkswagen za FSI za mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambazo nazo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kaeni upande wa tahadhari pamoja na wenzetu wa D4.

Mama Watatu, nimebakiwa na moja ambalo hukuniuliza, na ndilo linalonitia hofu kuliko ethanoli. 1ZZ-FE za miaka hiyo zinajulikana kwa kunywa oili, hasa zikienda kasi kwa saa nyingi. Nairobi mjini hutaligundua, ila kati ya Dodoma na Mbeya utaligundua. Kila mnaposimama kuweka mafuta, acha injini ipoe dakika chache, vuta kijiti, pangusa, pima. Beba lita mbili za oili ya aina ile ile unayotumia, na uziweke mahali ambapo keki haitazizuia.